Dimani, Königsberg na kamera isiyotujua

Nimekuwa kimya wiki mbili, na si mitihani tu iliyonibana. Kuna kamera imeingia chumbani kwetu, Canon EOS 1100D ya mkono wa pili. Mimi na mwenzangu wa chumba tulichangishana baada ya boom kutoka, na tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa mashaka. Ila leo siandiki habari za kununua kamera, hizo zimejaa kila kona. Leo ni historia, tena historia ya kwetu. Kadiri ninavyojifunza hiki kidude ndivyo ninavyoona kuna mambo ya zamani huwezi kuyaelewa vizuri bila kujua mwanga unavyofanya kazi.

Kwetu ni Dimani, wilaya ya Kibiti (zamani sote tulikuwa Rufiji, kabla wilaya haijagawanywa). Kwa wasiopajua: unapanda gari Mbagala, unashuka Kibiti, halafu unaelekea kwenye mikoko. Mikoko ya delta yetu ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Lakini mtaje Rufiji mbele ya mtu aliyesoma historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia, atakujibu neno moja: Königsberg.

Haya, kwa kifupi kwa waliosahau. Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani iliyofika Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, kisha ikaja kujificha kwenye mito yetu. Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaziba njia, ila kuingia ndani wakashindwa, maana meli zao kubwa zilihitaji kina na mikoko haikuwapa nafasi ya kuona kitu. Ndiyo ikawalazimu kuleta ndege. Ya kwanza ilirushwa na rubani wa kiraia, Dennis Cutler, kutoka kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia, Novemba 1914. Mwezi uliofuata injini ikamwangusha mtoni na Wajerumani wakamkamata.

Mwaka 1915, Mafia ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza, zilikuja ndege nyingine za kutua majini. Joto na unyevu wa kwetu vilizitesa sana: gundi ililegea, mbao zikajikunja, na kupanda juu ikawa taabu. Aprili mwaka huo rubani John Cull akapita juu ya Königsberg na picha zikapigwa. Hebu fikiria! Watu wa Dar hata ndege hawajaizoea, na huku delta inapigwa picha kutoka angani. Julai, meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zikaingia mtoni huku ndege zikielekeza mizinga. Tarehe 6 walishindwa. Tarehe 11 Königsberg ikaishia pale pale.

Sasa mie nikiziangalia picha za kisa hiki, na ziko nyingi, naona meli. Naona mabomba yake matatu ya moshi, naona maofisa wamevaa nyeupe, naona mabaki yaliyolala upande miaka na miaka. Mizinga kumi ilitolewa mtoni ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Mizinga ile haikutoka kwenye tope kwa miguu yake. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Nani? Kwenye vitabu jina la nahodha, Max Looff, lipo. La Cutler lipo, la Cull lipo. Waliovuta kamba ni "wenyeji".

Mpigapicha Mjerumani Walther Dobbertin, aliyeishi nchini humu na kukamatwa vitani 1916, aliacha picha nyingi sana ambazo leo zimehifadhiwa kwenye nyaraka za serikali ya Ujerumani. Ni kazi nzuri, sitaki kumnyima haki yake. Lakini ziangalie: "askari", "mpagazi", "mwanamke wa pwani". Na nyuso zenyewe mara nyingi ni kivuli tu, macho na meno.

Nilikuwa nadhani ni ubovu wa picha za kale. Kumbe kuna sababu ya kikemia. Picha za enzi hizo zilipigwa kwenye mabamba ya vioo yaliyopakwa dawa, na dawa nyingi ziliona vizuri bluu na kijani lakini nyekundu hazikuiona kabisa. Ndiyo maana anga kwenye picha za zamani ni jeupe pe. Ngozi yetu ya kahawia ina wekundu mwingi ndani yake, na kwa bamba lile wekundu ulikuwa giza. Mabamba yanayoona rangi zote yalishaanza kuuzwa mwaka 1906, ila kuenea yalichukua muda. Kwa hiyo babu wa babu yako akisimama mbele ya kamera, alitoka mweusi kuliko alivyokuwa, na ofisa wa pembeni yake alitoka na kila kifungo chake.

Usidhani mambo yaliisha zilipokuja picha za rangi. Kodak ilikuwa inasambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kusawazishia rangi, na juu yake kulikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley, jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi akihakikisha Shirley katoka vizuri, kazi imekwisha! Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Mfaransa Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji, hapo jirani tu, akakataa kutumia filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Na unajua nani waliisukuma Kodak irekebishe dawa zake? Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Chokoleti, jamani. (Hapa nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.)

Sasa dijitali. Mwaka 1975 injinia Steven Sasson, kijana wa Kodak hiyo hiyo, aliunda kamera isiyo na filamu: pikseli 10,000, na picha moja ilichukua sekunde 23 kujiandika kwenye kaseti. DSLR ya kwanza kuuzwa ilitoka 1991, nayo ni ya Kodak iliyojengwa juu ya Nikon F3, megapikseli 1.3, na sehemu ya kuhifadhia picha unaibeba begani kama redio ya mkulima. Mwaka 2003 Canon wakatoa 300D kwa chini ya dola 1,000, na hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kuingia. Bila mlango huo, mimi na mwenzangu tusingeota.

Nini tofauti ya DSLR na simu? Ndani kuna kioo kinacholeta mwanga wa lenzi moja kwa moja kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata inafunguka, ule mlio wa "klak". Na mambo matatu unayaamua mwenyewe: tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO. Lakini kilichonigusa mimi ni kipimo cha mwanga. Kamera haijui inaangalia nini. Inapima kana kwamba dunia nzima, ukiichanganya, ni kijivu cha kati. Mweke bibi mbele ya mto unaometa saa saba mchana: kamera itaona maji, itaona mwanga ni mwingi, itapunguza. Maji yatatoka murua. Bibi atatoka kivuli, kama picha za 1915!

Dawa yake si ngumu. Unamtoa mtu juani, unamweka chini ya mwembe. Jua kali ni f/16, shata 1/125, ISO 100. Kivulini, shata na ISO hizo hizo, unafungua mpaka f/5.6 na mwanga unaoingia ni mara nane. Kisha kwenye 1100D kuna namna ya kupima sehemu ya katikati tu, kiasi cha asilimia kumi. Sogea, pima shavu, si anga. Hapo ndipo ngozi ya bibi yangu ilipotoka na rangi zake: shaba kwenye paji, zambarau kidogo chini ya macho, alama ya utotoni karibu na sikio ambayo mimi mjukuu wake sikuwahi kuiona.

Nina sababu ya kuhangaika hivi. Babu alipofariki, sura pekee tuliyoipata ilikuwa kwenye kadi yake ya mpiga kura. Ikakuzwa, ikatundikwa ukutani. Ni kivuli chenye kofia. Wajukuu wadogo wanauliza alifananaje, na bibi anaanza kueleza kwa mikono.

Basi likizo hii nilipiga wazee kumi na saba, kila mmoja chini ya mwembe wake. Mmoja alikataa akasema arudi kwanza akavae kanzu, akarudi baada ya saa mbili kapendeza ajabu. Mwingine alisema baba wa baba yake alivuta kamba ya mzinga, akanitajia jina lake kamili, akanifanya nilirudie mpaka nilitamke sawa. Picha nitazisafisha Kariakoo wiki ijayo, na nyuma ya kila moja nimeshapanga cha kuandika kwa kalamu: jina, la baba, la babu, na mto aliozaliwa.