Ziwa Tanganyika: mapatano ya inchi 4 yaliyoanza wakati wa vita

Mwaka 1996, vita ilipofika Fizi, maelfu ya watu walipanda mitumbwi na mashua wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Wengi walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wengine baadaye Lugufu. Kwa jamaa hizo, ziwa lilikuwa njia ya kuokoka.

Wakati huo, wataalamu wa Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia walikuwa wameanza kazi moja juu ya ziwa hilo. Tangu 1995, mradi uliosaidiwa na Mfuko wa Mazingira Duniani uliwakutanisha ili kuchunguza samaki, uchafu wa maji na udongo unaoshuka kutoka milimani. Vita vya Kongo na Burundi havikuuvunja. Ulipoisha mwaka 2000, uliacha rasimu ya mapatano.

Tarehe 12 Juni 2003, inchi hizo 4 zilitia sahihi jijini Dar es Salaam. Kinshasa, serkali ya mpito ilikuwa bado kuundwa. Mapatano yalianza kutumika 2005, mwaka ule ule meli za kwanza za HCR zilipoleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, ilizinduliwa 2008.

Sababu ya kushirikiana ni wazi. Kongo ina karibu asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Lakini ndagala na mikeke hawajui mpaka. Upande mmoja ukivua vifaranga kwa vyandarua vya mbu, pande zote hupungukiwa.

Ndiyo maana Disemba 2021 inchi hizo zilikubaliana kufunga uvuvi miezi 3 kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye shamba anaweza kungoja. Jamaa iliyokimbia kijiji chake, isiyo na shamba wala akiba, inaishi kwa samaki wa siku ile ile. Kuiambia ingoje Agosti bila kuifikiria chakula ni kuisukuma ivue kwa siri usiku.

Mapatano yalivumilia vita kwa sababu wataalamu hawakuacha kukutana. Kuvumilia njaa kutahitaji wavuvi na wakimbizi wa ndani nao waitwe mezani, kabla ziwa halijafungwa.