Tabia ya Kifaa, Mazoea ya Kiini

Ndani ya Linux, kwenye folda ya programu zinazosimamia PCI, njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta, limo faili la maelfu ya mistari liitwalo quirks.c. Haliiongezei kompyuta uwezo wowote wa kujivunia. Ni orodha ya vifaa vilivyokwenda kombo na kanuni, na kando ya kila kimoja imeandikwa namna ya kuishi nacho: chipu hii ikilalamika kwamba data imeharibika njiani, ipuuze, hulalamika bure, ile usiilaze usingizi mzito, haitaamka.

Jina la faili hilo limenishinda kulifasiri kwa haraka. Quirk, kwa Waingereza, ni ule upekee wa mtu unaowafanya majirani wacheke kidogo na kuendelea na shughuli zao. Sisi tungesema yule bwana ana mambo yake. Tafsiri nzuri, ila haiingii kwenye kamusi ya kompyuta, maana kila mtu ana mambo yake na kila kifaa kina mambo yake.

Maneno mengine ya taaluma hii yametufaa vizuri. Kiini, kwa mfano: kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha habari, na sasa kiini cha mfumo endeshi, kama Linux yenyewe, ile programu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa kwa niaba ya programu nyingine zote. Kiendeshi kina utata kidogo, kwa sababu wengine wanakiita hivyo kifaa cha kutunzia data na wengine programu inayokiendesha, lakini muktadha hutuvusha. Tatizo ni hii quirk.

Wa kwanza kuitika ni kasoro. Kasoro ni upungufu uliopimwa: saa mbili kasoro dakika tano. Ukisema kifaa kina kasoro umeshakubali kwamba kipo kipimo kamili na kifaa hakikukifikia. Sasa tazama kisa kimoja maarufu cha vifaa vya USB. Ukichomeka flashi au kamera, kiini huuliza: kipande chako cha mwisho ni namba ngapi? Vipande huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo kifaa chenye vipande 1,000 kinapaswa kujibu 999. Vipo vifaa vilivyosikia swali jingine, kwamba vina vipande vingapi, vikajibu 1,000. Kiini kikiamini, kitakwenda kusoma kipande ambacho hakipo, na baadhi ya vifaa hivyo hapo huganda kabisa. Dawa yake ni kupunguza moja. Yaani kifaa kimezidisha, na kiini ndicho kinachotia kasoro! Neno limegeuka kichwa chini miguu juu.

Visa vya namna hiyo havikai quirks.c bali katika faili jingine, unusual_devs.h, yaani vifaa visivyo vya kawaida. Kila kimoja kinaandikwa kwa namba ya kampuni, namba ya bidhaa, na toleo la chini na la juu. Mara nyingi utakuta matoleo yameandikwa kuanzia 0000 hadi 9999, maana yake yote, hata ambayo kiwanda hakijayatengeneza. Hukumu hiyo haina rufaa.

Hitilafu ndilo neno ambalo moyo wangu ulilielekea. Asili yake ya Kiarabu ni kutofautiana tu, na hadi leo tukisema wawili wamehitilafiana hatumaanishi kwamba mmoja wao ameharibika. Kifaa kimehitilafiana na kanuni: ndivyo hasa ilivyo. Lakini matangazo ya umeme yametuwahi. Ukisikia hitilafu unawaza transfoma imelipuka na giza mtaani, na neno likishaingia giza kiasi hicho si rahisi kulirudisha kwenye maana yake ya upole.

Watengenezaji wa chipu wenyewe wanatumia neno la Kilatini walilorithi kwa wachapaji wa vitabu, errata. Vitabu vyetu huweka mahali hapo kichwa cha Masahihisho, na hiyo ni adabu nzuri ya mchapaji, kutaja marekebisho badala ya makosa. Kwa chipu adabu hiyo ingekuwa uongo. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, aligundua kwamba kichakato cha Pentium cha kampuni ya Intel kinagawanya vibaya baadhi ya namba. Jedwali lililochorwa ndani ya chipu lilikuwa na nafasi zilizoachwa tupu. Huwezi kutuma karatasi ya masahihisho ikaingia ndani ya silikoni. Intel ililazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kuzibadilisha chipu hizo. Linux kwa upande wake iliweka katika taarifa za kichakato, kwenye mashine za biti 32, mstari uitwao fdiv_bug, wenye jibu la ndiyo au hapana. Hapo sina mjadala. Lile ni kosa, liitwe kosa.

Ila mambo mengi ya quirks.c hayana mkosaji wa wazi namna hiyo. Mbao mama kadhaa za ASUS zilikuwa, ndani ya chipu yao, na sehemu inayopitisha vipimo vya joto, na programu ya kuwashia mashine iliificha isionekane na mfumo endeshi. Sehemu hiyo ilikuwa nzima, ila ilifichwa. Kiini kina kipengele kinachoitwa, bila kupepesa macho, asus_hides_smbus, na kazi yake ni kuifichua. Utaliitaje jambo hilo? Kasoro hapana, hitilafu hapana, kosa labda, kutegemea unamuuliza nani. Kuna aliyeamua iwe hivyo.

Neno lenyewe nadhani liko mdomoni mwa mafundi siku nyingi. Mpelekee fundi simu, atakuuliza: ina tabia ya kujizima? Redio ina tabia ya kukoroma, gari lina tabia ya kuvutia kushoto. Tabia hailaumu. Inasema tu kwamba jambo hili hujirudia, kwamba ni la kifaa hiki na si la vyote, na kwamba ukikijua utalitarajia. Na wasioridhika kwamba kitu kisicho na roho kinaweza kuwa na tabia, wakumbuke tabianchi, neno ambalo sasa linasemwa bungeni na redioni bila mtu kushtuka.

Pingamizi lipo, nami nalikubali nusu: tabia ni pana, kuna nzuri na mbaya. Lakini Kiswahili kinajua kuibana. Tukisema mtoto yule ana tabia, tukanyamaza hapo, hakuna anayedhani tunamsifu.

Ugumu unakuja mahali pengine. Waandishi wa viini hutumia quirk kwa mambo mawili kwa pamoja, ugonjwa na dawa. Kifaa kina quirk. Kwa hiyo andika quirk ya kifaa hicho. Kwa Kiingereza mambo yanakwenda. Kwa Kiswahili, ukimwambia mwenzio aiongezee kamera tabia, atakushangaa, maana tabia inayo tayari na ndiyo iliyotuleta hapa. Kiraka nacho kimeshachukuliwa na marekebisho ya programu, bila kutaja wachezaji viraka wa mpira wanaojaza nafasi yoyote uwanjani. Isitoshe, kiraka hufunika tundu, na hapa hakuna kinachofunikwa: kifaa kinabaki vilevile, kiini ndicho kinachobadili mwenendo wake. Kitenzi cha jambo hilo tunacho. Mtu mwenye tabia ngumu, wazee husema, mzoee tu. Kwa hiyo kifaa kina tabia, na kiini kina mazoea. Orodha ya quirks.c kwangu ni daftari la mazoea.

Wenye lugha yao nao hawakutulia mara moja. Upande wa diski, Linux kwa miaka mingi ilitumia horkage, neno la mzaha wa watengeneza programu linalotokana na kuvurugika. Mwaka 2024 lilifutwa humo na kubadilishwa kuwa quirk kama kwingine. Nililipenda lile la zamani kwa ukorofi wake, lakini msomaji mgeni alikuwa hana pa kulishikia.

Mazoea yanahitaji kwanza kumtambua mwenzio, na hapa pana kichekesho. Kompyuta nyingi hutambuliwa kwa jina lililoandikwa ndani ya ubao mama, na zipo mbao ambazo mahali pa jina pameachwa maneno ya kiwandani yanayosema itajazwa na mtengenezaji. Huwezi kuandika mazoea ya mashine yenye jina hilo, kwani zimeshalishiriki mashine nyingi zisizojuana.

Na mara nyingine kiini huzoea kwa kudanganya. Programu za kuwashia mashine huuliza ni mfumo gani unaoingia, na kwa kuwa nyingi zilijaribiwa kwa Windows peke yake, Linux hujibu kwamba ndiyo, inafahamu Windows, toleo baada ya toleo. Ikiulizwa kuhusu Linux, husema hapana. Kiini kimekuwa kiinimacho, na kompyuta inawaka.

Mtumiaji naye anaruhusiwa kuandika mazoea yake mwenyewe wakati wa kuwasha mashine: usb-storage.quirks, alama ya sawasawa, namba ya kampuni, namba ya bidhaa, kisha herufi. Kwa kile kifaa kinachozidisha kipande kimoja, herufi ni c. Mwongozo wa Kiswahili ukiandikwa, amri hiyo itabaki kama ilivyo, kwa sababu mashine haifasiriwi. Maelezo yaliyo chini yake ndiyo yetu, na ningependa yaseme: c, kifaa kina tabia ya kuzidisha moja, kiini kipunguze.