Viko vya Amboseli

Viko vya Amboseli ni viko vya tumbaku vilivyotengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation, kwa madini ya sepioliti yaliyochimbwa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya. Vingi vina chapa ya tembo.

Wakusanyaji hawana ladha moja. Wapenzi wa nakshi huvutiwa na vya Eskişehir, Uturuki, vyeupe na vyepesi, vilivyochongwa vichwa vya masultani au kucha za tai. Wengine hupenda uzito wa vya Arusha, rangi yake ya kahawia au nyeusi, na hasa ngozi iliyovishwa bori. Ngozi hiyo ndiyo fahari ya viko hivyo.

Wengine hawataki jiwe, ila kisiki cha Erica arborea kutoka Mediterania, mti unaomea Kilimanjaro pia.