Kesi ya Amistad: Siku Lugha Ilipoishinda Karatasi

Wengi wetu tunasubiri kuitwa kwenye mahojiano, na wengine ndugu zetu wameshafika Marekani. Maswali ni yale yale: kesi ya jinai na ya madai zinatofautianaje? Rufaa ni nini? Na mkalimani ana kazi gani hasa? Leo tujifunze kupitia kesi moja ya zamani, ya Waafrika waliofikishwa mahakamani huko bila kujua Kiingereza.

Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka nchi inayoitwa leo Sierra Leone, waliuzwa Havana, Kuba. Wanne kati yao walikuwa watoto. Wahispania wawili, Ruiz na Montes, waliwanunua na kuwapakia kwenye meli Amistad. Usiku mmoja baharini, wakiongozwa na Sengbe Pieh, walijifungua minyororo, wakamuua nahodha na mpishi, wakaamuru meli irudi Afrika. Mchana Montes aliielekeza mashariki, lakini usiku aliigeuza kwa siri kuelekea Marekani. Mwezi wa Agosti wakakamatwa na meli ya serikali karibu na New York, wakafungwa gerezani New Haven, jimbo la Connecticut.

Hapo maswali yakawa mawili. La kwanza lilikuwa la jinai: je, washtakiwe kwa mauaji? Jaji akasema hapana. Tukio lilitokea kwenye meli ya Hispania, mbali baharini, kwa hiyo mahakama za Marekani hazikuwa na mamlaka juu yake. La pili lilikuwa la madai: je, watu hawa ni mali ya mtu? Ruiz na Montes walisema ni mali yao, na serikali ya Hispania ikawaunga mkono. Rais Martin Van Buren naye alitaka warudishwe, akaweka meli tayari bandarini iwachukue haraka kabla hawajakata rufaa.

Sasa, Hispania ilikuwa imeshapiga marufuku kuleta watumwa kutoka Afrika tangu 1820. Ndiyo maana Ruiz na Montes walileta karatasi za Havana zenye majina ya Kihispania, zikionyesha kuwa hawa jamaa ni wakazi wa zamani wa Kuba. Karatasi zilikuwa na sahihi ya serikali. Wao wenyewe wangejibu vipi, wakati hakuna aliyeelewa wanachosema?

Profesa mmoja, Josiah Gibbs, aliwaomba wamfundishe kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kimende. Kisha akaenda bandarini New York, akawa anatembea kati ya mabaharia akihesabu kwa sauti. Akampata James Covey, baharia kijana ambaye naye aliwahi kuokolewa kutoka utumwani, na aliyeijua lugha ile. Januari 1840 Sengbe Pieh alisimama mbele ya Jaji Andrew Judson, akaeleza kwa lugha yake jinsi walivyotekwa na kufungwa, Covey akatafsiri. Hapo karatasi zikaumbuka: mkazi wa zamani wa Kuba gani asiyejua Kihispania? Judson hakuwa rafiki wa watu weusi. Miaka michache kabla alipigania shule ya wasichana weusi ifungwe. Lakini ushahidi ulikuwa mbele yake, akaamua kuwa walizaliwa huru.

Serikali ikakata rufaa, yaani ikaomba mahakama ya juu zaidi iupitie upya uamuzi ule. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu kabisa, ambako Rais wa zamani John Quincy Adams alikuwa mmoja wa mawakili wao. Tarehe 9 Machi 1841 Jaji Joseph Story alisoma uamuzi: karatasi ya serikali ni ushahidi, lakini ikithibitika ni ya udanganyifu haina nguvu. Watu hawa ni huru. Rais hakuwa na la kufanya. Nauli ya kurudi, hata hivyo, mahakama haikuitoa. Wafadhili walichanga, na 35 waliobaki hai wakafika kwao Januari 1842.

Tusidanganyane lakini. Uamuzi huo haukufuta utumwa Marekani. Jaji Mkuu Roger Taney, aliyekuwa upande wa walioshinda siku ile, ndiye aliyeandika mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia.

Kwetu sisi funzo ni la kawaida tu. Usiitikie "ndiyo" kwa swali ambalo hujalielewa. Mkalimani asipojua lugha yako vizuri, sema mapema, kabla maneno hayajaandikwa. Na jina likikosewa kwenye karatasi, omba lisahihishwe siku hiyo hiyo. Wenzetu wa Amistad walikaa gerezani wiki nyingi wakiwa na ukweli mdomoni, lakini hakuna aliyeweza kuusikia mpaka alipopatikana mtu wa kuutafsiri.