Bulla Karatasi kwenye Yaliyomo

Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti ya juzuu nne, ya pili ikigawanywa A, B na C. Mimi niliacha chuo. Siku hizi waliobaki hunilipa niwapangie tasnifu zao, hapa Garissa. Kwa hiyo kwanza niliangalia mpangilio: kila sura ina vichwa, kila aya ina nambari.

Si urembo. Ukikoleza tu maneno yafanane na kichwa, kompyuta haijui ni kichwa. Orodha ya yaliyomo itayaruka. Yape mtindo wa kichwa, yataingia yenyewe, na ukurasa wake.

Sisi watu wa huku tunajua kurukwa. Bulla Karatasi, mtaa wa Garissa uliochomwa na vikosi vya usalama Novemba 1980, na Wagalla kule Wajir, Februari 1984, kwa miaka mingi yalikuwa mambo ya kunong'onezana nyumbani. Tume iliyaandika. Mapendekezo yake mengi yamebaki kwenye karatasi, ni kweli. Lakini mtu akikuambia hayakutokea, mtajie juzuu, sura na aya, afungue mwenyewe.