Historia Fupi ya Kikundi: Vyungu, Kuni na Miti Yetu

Leo tunatimiza miaka 10 ya kuweka akiba pamoja, na tunamshukuru Mungu. Kamati imeonelea tuandike habari za kuni, kwa maana pesa zetu zilitoka kwa chungu, na chungu hakiivi bila kuni.

Huku kwetu Nyanza ufinyanzi ni kazi ya akina mama tangu zamani. Nyanya zetu walifinyanga dapi la maji na agulu la kupikia. Walichoma mahali pa wazi: vyungu vinapangwa chini, vinafunikwa kuni na nyasi kavu, moto unawashwa. Vichaka vilikuwa vingi na watu wachache. Hakuna aliyehesabu kuni.

Miaka ya 1980 na 1990 likaja jiko la udongo, kwanza likiitwa Maendeleo, baadaye Upesi. Linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Vikundi vya akina mama Magharibi mwa Kenya vikafundishwa kulitengeneza. Sisi tulipoanza, kazi tuliyorithi ni hiyo, vyungu na majiko.

Lakini ukweli usemwe. Tuliuza jiko la kuokoa kuni na huku tunamaliza kuni kulichoma. Tulianza na miti ya mashamba yetu, tukaingia ya majirani, mwisho tukanunua ya mkokoteni. Kingo za mto zikabaki tupu, mvua ya masika ikachukua udongo. Mashimo ya mfinyanzi yakajaa maji, mbu wakazaliana humo. Moshi nao ulituumiza macho na kifua. Mwaka wa tatu tulipopiga hesabu, faida nyingi ilikuwa imeingia kwa kuni. Mama mmoja akasimama akasema, "Akiba tunaiweka kwa sanduku, halafu tunaichoma na vyungu." Tulinyamaza wote.

Tukaenda kuuliza wanaojua. Tulifundishwa kwamba udongo hauwi chungu mpaka moto upite nyuzi 600 hivi, na moto wa wazi joto lake jingi linaenda na upepo. Kuni mbichi zinatumia moto kukausha maji yake kwanza, ndiyo sababu zinafuka. Na chungu kisichokauka vizuri kinapasuka, kwa maana maji ya ndani yanageuka mvuke. Kikipasuka, kuni zake zimepotea bure.

Basi tukatoa akiba, tukajenga joko la matofali lenye kuta nene na bomba la moshi. Haikuwa rahisi. Wenzetu wawili walijitoa, wakisema tunachezea pesa za karo. Hatuwalaumu, mwaka ule kweli hatukugawana kitu.

Siku hizi kuni tunazianika kwanza, na joko haliwashwi mpaka lijae. Kila mwanachama amepanda kaliandra za kukata kwa kuni. Mikaratusi tumeiweka mbali na mto kwa sababu inakunywa maji sana. Mashimo tumeyafukia, isipokuwa moja.

Hatujamaliza. Joko bado linakula kuni, ila sasa tunajua linakula ngapi na zimetoka wapi. Mmoja wa wale wawili alirudi, na leo ndiye mweka hazina wetu. Akiba haiozi, wenzetu, na mti pia ni akiba.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati