Tuta, Bwawa na Utoro: Habari za Malambo ya Nyanda za Kati

Ihanja ni nchi ya Wanyaturu, yaani Warimi, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na miezi mingine makorongo huwa mchanga mtupu. Kwa hiyo mgeni akiambiwa kwamba katika nchi kavu namna hii tuta la udongo lina kazi ya kuzuia mafuriko, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Kwake yeye lambo ni mahali pa kunyweshea ng'ombe, basi. Dhana hiyo si ya wageni peke yao. Imo hata katika maneno yatumikayo kulitaja lambo, na hasara yake si ndogo.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mvua ya nyanda za kati ni chache, lakini hunyesha kwa ghadhabu, na aghalabu sehemu kubwa ya maji ya mwezi mzima hushuka katika alasiri mbili au tatu. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani na ambaye alisafiri katika Tanganyika mwaka 1935 na 1936, alieleza jinsi udongo unavyofuatana katika mteremko mmoja: mwekundu juu, wa kijivu katikati, na mweusi wa mbuga chini. Udongo wa mbuga ukishalowa huvimba na kuziba, wala haupitishi maji tena. Basi maji yatokayo juu, mahali ambapo majani yamekwisha kuliwa na mifugo, hukimbilia bondeni na kutanda. Hatari yake ilikuwa kubwa zaidi kwa watu waliokaa katika tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa la udongo vile vile, kwa maana maji yakisimama penye msingi wake siku nyingi, ukuta huanguka.

Neno lambo halikutoka pwani. Kisukuma na Kinyamwezi, lugha zilizo ndugu na Kinyaturu katika kundi ambalo Guthrie aliliandika kwa herufi F, zina neno ilambo, na Kiswahili cha bara kikalitwaa kwa maana ya bwawa dogo lililochimbwa au kuzuiwa kwa tuta. Kusini zaidi, katika nchi za Zambia na Malawi, dambo ni bonde la majani linalojaa maji wakati wa masika. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hawezi kuyatazama maneno hayo mawili pasipo kuufikiria udugu wao. Ikiwa udugu huo ni wa kweli, basi zamani neno hilo lilitaja umbo la nchi na mwendo wa maji yake, kabla ya kutaja kazi ya mikono ya watu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilijenga malambo mengi ya udongo, hasa Usukumani katika mpango ulioanza mwaka 1947, na kadhalika Ugogo, ambako bwawa la Ikowa lilijengwa mwaka 1957 na la Matumbulu mwaka 1960. Hesabu iliyotangulia ilikuwa ya maji yatakayobaki: ng'ombe wangapi watakunywa, na kwa miezi mingapi. Lakini mvua haikuuliza nia ya mjenzi. Kila tuta lililokingama katika korongo lilipunguza kasi ya maji na kuwapa nafuu watu waliokaa chini yake, hata kama hakuna aliyeiandika faida hiyo.

Mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake, katika kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya mchanga na tope katika mabwawa kadhaa, Ikowa na Matumbulu yakiwamo. Ilionekana kwamba umri wa mabwawa hayo ungehesabiwa kwa makumi machache ya miaka. Jambo hili lina maana mbili. Bwawa lililojaa tope halinyweshi mifugo. Hilo kila mtu huliona. Tena halina nafasi ya kupokea gharika. Hilo halionekani mpaka siku ya gharika yenyewe.

Hapo ndipo lilipo neno la tatu. Tuta la udongo, hata likishindiliwa vema kwa udongo wa mfinyanzi, haliwezi kustahimili maji yanayopita juu ya mgongo wake. Hukatika, na maji yaliyozuiwa hushuka yote kwa pamoja. Kwa hiyo pembeni huachwa njia ya maji ya ziada, nayo huitwa utoro wa maji. Ni neno lile lile la mtumwa aliyemkimbia bwana wake na la mtoto aliyeacha shule, lakini hapa limegeuzwa maana: utoro huu umeruhusiwa, tena umetengenezewa njia. Utoro ukiziba kwa magugu, au ukilimwa, tuta limekwisha kuhukumiwa.

Mfano uko mashariki ya Ihanja, wilayani Kilosa. Bwawa la Kidete lilikuwa likipunguza nguvu ya mafuriko kabla hayajaifikia reli ya kati, nalo likabomoka katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetaja usalama wa mabwawa pamoja na kinga ya mafuriko. Hata hivyo, katika usemi wa kila siku neno bwawa limeyameza mengine. Bwawa husifu maji yaliyokaa. Tuta hukumbusha kazi iliyofanywa. Utoro hutaja maji ambayo hapana budi yaende zake. Kijiji kinachohesabu maji yaliyokaa tu, na kusahau yale yapasayo kuondoka, kimelihifadhi nusu ya lambo lake.